Kiambata cha petroli kilichofunga visima vya California

Sheli ikianza kujengwa jirani na nyumba za watu, swali la kwanza huwa ni moto. La pili, ambalo huulizwa kwa sauti ndogo na mara nyingi halipati jibu, ni maji: kisima chetu kiko upande wa pili wa ukuta, mafuta hayatafika? Mitandaoni kila mtu ana lake. Mmoja anasema mafuta huelea juu ya maji, kwa hiyo pampu ikikaa chini kabisa huna wasiwasi. Mwingine anasema chemsha, yaishe. Wa tatu amesikia habari ya kemikali ya Marekani iliyotiwa kwenye petroli ikawaletea watu saratani, na ameshaituma kwenye makundi yote ya WhatsApp aliyomo.

Kemikali hiyo ipo kweli. Inaitwa MTBE, na kisa chake ndicho kinachoonyesha waziwazi kuliko kingine chochote jinsi petroli inavyosafiri hadi kwenye glasi ya maji. Ila katika hayo yanayosambazwa, ya saratani ndiyo yenye uhakika mdogo kuliko yote, na lenye uhakika mkubwa halitajwi kabisa.

MTBE ni nini, na nani aliiweka

MTBE ni kifupi cha methili tetiari-butili etha. Ni kimiminika kisicho na rangi, chepesi kuliko maji, chenye harufu kali inayokaribiana na ya tapentaini. Viwanda huitengeneza kwa kuunganisha methanoli na isobutilini, gesi inayopatikana mafuta ghafi yanaposafishwa. Yenyewe si petroli. Ni kiambata, yaani kitu kinachoongezwa kwenye petroli kwa kazi maalumu. Wala si uchakachuaji. Anayechakachua huchanganya mafuta ya taa kwa siri ili apate faida ya harakaharaka. MTBE ilitiwa na wasafishaji mafuta wenyewe, mchana kweupe, na sheria ikiwa upande wao.

Kazi yake ya kwanza ilikuwa kuinua okteni. Petroli yenye okteni ndogo hujiwasha kabla ya wakati ndani ya silinda, na dereva akipandisha mlima anaisikia injini ikigonga. Kwa miongo mingi dawa ya kugonga huko ilikuwa risasi. Risasi ikaonekana inaharibu ubongo wa watoto, Marekani ikaanza kuipunguza miaka ya 1970, na mwaka 1979 MTBE ikaingia kujaza pengo. (Huku Afrika Mashariki tuliachana na petroli ya risasi mwishoni mwa 2005. Algeria, ya mwisho duniani, iliacha mwaka 2021.)

Kazi ya pili ndiyo iliyoifanya itapakae. Ndani ya kila molekuli ya MTBE mna oksijeni, na petroli yenye oksijeni huungua vizuri zaidi na kutoa kaboni monoksaidi kidogo. Mwaka 1990 Bunge la Marekani lilirekebisha Sheria ya Hewa Safi na kutaka petroli ya miji yenye moshi mwingi iwe na kiasi fulani cha oksijeni. Sheria haikuitaja MTBE kwa jina, na ethanoli ingefanya kazi hiyohiyo. Lakini ethanoli huvuta maji, hivyo haifai kupitishwa kwenye mabomba marefu ya mafuta, ilhali MTBE ilipita bila shida na malighafi yake ilikuwa karibu. Wasafishaji wengi wakaichagua. Kufikia katikati ya miaka ya 1990, petroli iliyouzwa sehemu kubwa ya California ilikuwa na asilimia 11 hivi ya MTBE kwa ujazo. Hewa ilikuwa bora kuliko awali. Hilo lisisahaulike, maana hadithi hii husimuliwa kana kwamba mtu aliamka asubuhi akaamua kuwalisha watu sumu.

Kwa nini haikubaki ardhini

Wanaosema mafuta huelea hawajakosea. Wamesema nusu. Petroli si kitu kimoja, ni mchanganyiko wa kemikali nyingi. Kubwa kati ya hizo hukaa juu ya maji kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. MTBE huingia kwenye maji kama sukari kwenye chai. Kwa vipimo, lita moja ya maji inaweza kumeza zaidi ya gramu 40 za MTBE, wakati benzini, ambayo nayo imo ndani ya petroli na ni miongoni mwa zinazoyeyuka kwa urahisi kuliko nyingine, haifiki hata gramu 2.

Sasa fikiria tangi la chuma lililofukiwa chini ya sheli, limepata tundu la kutu lisiloonekana. Kila asubuhi mhudumu anafungua mfuniko, anateremsha kijiti cha kupimia, anakitoa, anasoma alama iliyolowa, anaandika kwenye daftari. Zikikosekana lita 4, nani atashtuka? Zimeyeyuka kwa joto, au pampu imezidisha kidogo, au kijiti kilisimama upande. Lakini lita 4 kwa siku ni lita 1,460 kwa mwaka, na zote zimeteremka kwenye udongo.

Zikifika kwenye maji ya chini ya ardhi, kemikali zake zinaachana njia. Nyingi hung'ang'ania chembe za udongo, na bakteria walioko huko huzila taratibu. Ndiyo maana benzini iliyovuja, pamoja na ubaya wake wote, mara nyingi haiendi mbali. MTBE haishiki udongo, na bakteria wengi hawana namna ya kuivunja kwa urahisi, kwa hiyo inatembea na maji, karibu kwa mwendo uleule wa maji yenyewe. Kisima kikubwa cha pampu kikiwa mbele, kinaivuta.

Marekani ilikuwa na matangi ya namna hiyo kwa mamia ya maelfu. Tangu serikali ianze kuyafuatilia miaka ya 1980, mivujo zaidi ya 500,000 imethibitishwa. 

Santa Monica

Mji wa Santa Monica uko ufukweni, ubavuni mwa Los Angeles. Sehemu kubwa ya maji yake ilitoka kwenye visima vya mji wenyewe, na vikubwa kati ya hivyo vilikuwa eneo linaloitwa Charnock. Mwaka 1995 vipimo vilionyesha MTBE. Kila mara walipopima tena, namba ilikuwa imepanda, hadi kisima kimoja kikafika mikrogramu 610 kwa lita. Kufikia katikati ya 1996 visima vya Charnock vilikuwa vimefungwa, pamoja na vya Arcadia, na mji umepoteza karibu nusu ya maji yake yote. Ukaanza kununua maji yaliyosafirishwa kutoka mbali, ya Mto Colorado na ya kaskazini mwa California. Kurudisha visima vya Charnock kazini, kwa mtambo wa kusafisha uliojengwa kwa ajili hiyo, kulichukua takribani miaka 15.

Mikrogramu 610 inasikika kama namba ya watu wa maabara, kwa hiyo tupige hesabu. Lita moja ya petroli yenye asilimia 11 ya MTBE ina gramu 80 hivi za MTBE. Pua za watu wengi huanza kuinusa maji yakiwa na mikrogramu 20 hivi kwa lita, na mikrogramu ni sehemu moja ya milioni ya gramu. Ukigawanya, gramu hizo 80 zinatosha kuyatia harufu maji lita milioni 4, sawa na maboza 400 ya lita 10,000. Hayo yote kutokana na petroli ya chupa moja, ile ambayo bodaboda aliyeishiwa njiani hununua kandokando ya barabara. Ardhini mambo hayaendi sawasawa namna hiyo, lakini hesabu inaeleza kwa nini mvujo ambao haukumtia hasara mwenye sheli uliweza kuumaliza mradi wa maji wa mji mzima.

Mambo yakajirudia kwingine. South Lake Tahoe, mji wa milimani unaoishi kwa utalii, ulifunga visima kadhaa. Wilaya ya Queens, New York, nayo ilikutwa na MTBE visimani.

Je, inaua?

Hapa ndipo panapotaka subira, kwa sababu jibu la kweli halifurahishi upande wowote.

Panya wa maabara waliopewa MTBE kwa dozi kubwa walipata uvimbe: kwenye figo, kwenye korodani, kwenye ini, na wengine saratani za damu. Dozi zenyewe zilikuwa kubwa mno kuliko kiasi ambacho binadamu angeweza kukinywa kwenye maji, kwani angeshayatema zamani. Kwa binadamu, ushahidi wa saratani haujapatikana. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani liliiweka mwaka 1999 kwenye kundi la 3, yaani ushahidi uliopo hautoshi kusema inaleta saratani kwa watu. Wengi walisoma hilo kama hukumu ya kuachiwa huru. Siyo. Kesi iliahirishwa kwa kukosa mashahidi, na mwaka 2025 shirika hilohilo likaihamishia kundi la 2B, yaani huenda inaleta saratani, kwa ushahidi wa wanyama wa maabara.

Kuivuta kwa hewa ni jambo jingine. Petroli yenye MTBE ilipoletwa Fairbanks, Alaska, mwaka 1992, watu walilalamika kuumwa kichwa, kizunguzungu na kichefuchefu, na jimbo likaisimamisha kabla mwaka haujaisha. Na kuna jambo ambalo wengi hawalijui: miaka ya 1980 madaktari waliingiza MTBE kwa mrija mwembamba kwenye kifuko cha nyongo cha mgonjwa ili kuyeyusha mawe. Si ruhusa ya kuinywa, lakini inaonyesha kwamba anayeiita sumu ya papo kwa papo hajui anachosema.

Basi kwa nini visima vilifungwa? Kwa sababu ya harufu na ladha, kwa sehemu kubwa. Mamlaka ya mazingira ya Marekani ilishauri mwaka 1997 kwamba maji yasizidi mikrogramu 20 hadi 40 kwa lita, na ilieleza kwamba kiwango hicho kimelenga kuzuia harufu na ladha, huku kikiacha nafasi kubwa kabla ya madhara ya kiafya. California ikawa kali zaidi: 5 kwa ajili ya ladha na harufu, 13 kwa ajili ya afya. Shirika la Afya Duniani halikuweka kikomo cha kiafya kabisa, kwa hoja kwamba kikomo hicho kingekuwa juu sana ya kiasi ambacho mtu tayari anakinusa.

Kwa maneno mengine, MTBE inajitangaza kabla ya kudhuru. Sasa ilinganishe na mwenzake waliyeanza naye safari. Benzini imo kwenye petroli ya kila nchi, na kwamba inaleta saratani ya damu kwa binadamu halina mjadala. Kikomo chake kwenye maji ni mikrogramu 5 kwa lita Marekani, na 10 kwa Shirika la Afya Duniani. Pua ya mtu haiwezi kuigundua hadi iwe imezidi kikomo hicho mara mamia. Maji yenye benzini ya kudhuru yanaweza kuwa meupe, baridi, matamu, hayana harufu yoyote. Kwa hiyo anayeniuliza niogope kipi, MTBE au benzini, jibu langu halina kigugumizi: ogopa benzini, na ukinusa MTBE ichukulie kama taarifa kwamba petroli imefika na huenda benzini iko nyuma yake.

Kosa la makala nyingi juu ya MTBE, kwa maoni yangu, ni kutafuta maiti. Kilichouawa bila shaka yoyote ni visima. Mji ukipoteza nusu ya maji yake, huhitaji kuhesabu wagonjwa ndipo uite janga.

Chemsha, tia dawa, chuja

Kuchemsha kunaua vijidudu. MTBE si kijidudu. Ni kweli inachemka kwa nyuzijoto 55 tu, chini sana kuliko maji, na kwa sababu hiyo watu hudhani ikipigwa moto itatoka yote. Lakini ikishayeyuka ndani ya maji haitaki kuachana nayo. Sehemu itatoka, nyingine itabaki, na hakuna mtu mwenye sufuria anayeweza kujua imebaki kiasi gani. Hiyo iliyotoka, pamoja na benzini kama ipo, imeingia kwenye hewa ya jiko unamopikia. Vidonge vya klorini navyo ni vya vijidudu, havigusi petroli.

Chujio la mkaa maalumu linasaidia, na mitambo mikubwa hulitumia, ila MTBE hulijaza haraka kuliko benzini inavyolijaza. Mtambo wa mji unapima maji yanayotoka na kubadilisha mkaa kwa wakati. Chujio la jikoni likishajaa halina taa ya kukwambia. Linaendelea kutoa maji yaleyale.

Nani alaumiwe

Kampuni za mafuta zilisema: lawama ni ya matangi na ya serikali iliyodai oksijeni. Miji ilisema: lawama ni ya bidhaa. Mwaka 2002 baraza la mahakama (raia wanaoteuliwa kuamua kesi) huko California, katika kesi ya South Lake Tahoe, liliamua kwamba petroli yenye MTBE ilikuwa bidhaa yenye kasoro. Mwaka 2013 baraza jingine, New Hampshire, liliitaka ExxonMobil ilipe dola milioni 236, na Mahakama ya Juu ya Marekani ikakataa kuipokea rufaa yake mwaka 2016. Mimi naona pande zote mbili zilisema kweli juu ya mwenzake. Kwamba tangi la chuma likifukiwa litatoboka, lilijulikana. Kwamba MTBE huyeyuka kwenye maji, lilijulikana pia. Aliyeunganisha mambo hayo mawili kabla ya kuyamimina pamoja ndiye aliyekosekana.

Gavana Gray Davis aliamuru mwaka 1999 iondolewe California, na ikaisha mwishoni mwa 2003. Mwaka 2005 Bunge la Marekani likafuta sharti la oksijeni, na mwaka uliofuata wasafishaji karibu wote wakahamia ethanoli. Ethanoli ni nafuu kwa maji, kwani bakteria huila upesi. Tatizo ni kwamba wanaila kwanza, wanamaliza oksijeni iliyokuwepo ardhini, na benzini inapata muda wa kusogea mbali zaidi kuliko ingekuwa peke yake. Kwa hiyo kubadilisha kiambata hakuzibi tundu la tangi.

Na sheli ya jirani yako?

Tanzania na Kenya hazisafishi tena mafuta zenyewe. Petroli inashushwa Dar es Salaam, Tanga, Mtwara au Mombasa ikiwa tayari imesafishwa, nyingi ikitoka Ghuba na Asia, na huko MTBE bado inatengenezwa na kutumiwa kwa wingi. Kama imo kwenye petroli ya wiki hii au haimo, jibu liko kwenye cheti cha maabara cha shehena husika. Vinasaba, yaani alama za kemikali, vinavyowekwa kwenye mafuta Tanzania ni vya kukamata wakwepa kodi na wachakachuaji, havihusiani na kuvuja.

Tena mvujo hausubiri MTBE. Mwaka 2015 mafuta yalivuja kutoka kwenye bomba kuu la Kenya huko Thange, kaunti ya Makueni, yakaingia mtoni na visimani, na wakazi wakabaki bila maji ya kutumia.

Kwa mwenye kisima karibu na sheli, la kwanza la kuuliza ni la tangi: lina ukuta mmoja au mbili, lina umri gani, mara ya mwisho kupimwa kama linavuja ni lini. Ukuta wa pili wenye kihisio katikati unatoa taarifa mafuta yakiwa bado hayajagusa udongo. La pili ni maji yako yanatokea upande gani. Sheli iliyo juu ya mteremko wa maji ya ardhini ni hatari kuliko iliyo karibu zaidi lakini chini yake, na mtaalamu wa maji anaweza kukuonyesha.

Ukinusa petroli au tapentaini bombani, acha kuyanywa na kuyapikia, na usiyaogee ya moto ndani ya bafu lililofungwa. Usiendelee kuvuta ukitumaini yatajisafisha, kwa sababu pampu ndiyo inayoita zaidi. Toa taarifa kwa bodi ya maji ya eneo lako na kwa mamlaka ya mazingira. Na ukipeleka sampuli maabara, sema unachotaka. Karatasi ambayo wachimba visima wengi hukupa ina chumvi, floraidi, ugumu wa maji na bakteria wa kinyesi. Yote yanaweza kuwa sawa wakati kisima kimeshaingia petroli. Omba wapime benzini, tolueni, ethilibenzini, zaileni na MTBE, na uwaulize chupa gani ya kuchukulia sampuli. Watakupa ya kioo yenye mfuniko wa kubana. Ijaze hadi pomoni bila kuacha hewa juu, uiweke kwenye barafu, uifikishe mapema, maana kemikali hizi zikipata nafasi zinaruka kabla mtu wa maabara hajaifungua.